Sikio la Kindi

Jumatano, Februari 9

Asahel wangu anagombea ujumbe wa Baraza la Virginia! Alisimama jana mbele ya mahakama, akatangaza kwa mdomo wake, na leo hakuna nyumba katika bonde zima la Kijito cha Kulungu ambayo haijapata habari. Nimehakikisha mwenyewe, kwa miguu yangu, matope hadi magotini.

Haya, sasa nikusalimu, kitabu. U hali gani? Asahel ndiye aliyekuleta kutoka Danville. Akaniambia, "Mama, maneno yako ni mengi kuliko masikio yaliyomo humu ndani. Mengine mpe huyu." Mimi Tabitha Pruett, mjane wa Enoch, nilisoma misimu miwili tu ya baridi kwa mwalimu mmoja mpenda wiski, lakini herufi zangu zinasomeka, na nikikosea hakuna wa kunichapa.

Kapteni Asahel Pruett. Miaka ishirini na tisa. Masika yaliyopita alivuka Mto Ohio na mgambo wake kwenda kupigana na Washawnee, wenyeji wa ng'ambo, akarudi na watu wote aliotoka nao. Wote! Niulize ni kapteni gani mwingine huku Kentaki, pembe hii ya Virginia, anayeweza kusema hivyo.

Mpinzani wake ni Meja Burwell Haskins, mwenye vifungo vya fedha viatuni.

Jumatatu, Februari 14

Usiku barafu, mchana jua: miti ya sukari imeamka. Mimi na shemeji yangu Obed, mdogo wa marehemu Enoch, tumeanza kugema maji yake matamu ya kuchemshia sukari. Obed anatoboa, mimi natega vihori, na yeye anapumzika kila baada ya mti mmoja. Nilimsimulia jinsi Asahel atakavyozungumza kule Richmond, barazani, mabwana wa huko wanyamaze.

"Shemeji," akasema, "mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Mimi sijamsifu. Nimesema kweli tu."

"Basi kweli yako ina maji mengi kuliko huu mti."

Jumanne, Februari 15

Yanatiririka. Vyungu vyote vitatu viko motoni. Siuhisi mgongo.

Jumamosi, Februari 19

Mercy Larkin, jirani, amekuja kunisaidia kukoroga. Mkono wake ni mzuri, sukari haishiki chini. Lakini mwanamke huyu ni kama jiwe la kisimani. Nimemweleza habari za kura tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi mgombea anavyoketi kitini mezani pa sherifu kutwa nzima, wanaume wenye mashamba wakipita mmoja mmoja, kila mtu akilitaja kwa sauti jina amtakaye, na aliyetajwa anainuka, anamshukuru mpiga kura kwa jina lake. Na asiyeketi kitini, watu husema amewadharau, wanampita. Nikamwambia, "Asahel anajua jina la kila mtu, hata la mbwa wa kila mtu."

Mercy akasema, "Povu linapanda, Tabitha."

Basi. Hakuuliza hata swali moja. Najua ana kidonda. Lettice wao alichukuliwa na Washawnee kijitoni, ndoo mkononi, akiwa na miaka minane, na sasa huu ni mwaka wa saba. Lakini mimi ningekuwa yeye ningefurahi jirani yangu akiinuliwa. Nadhani ni wivu.

Mumewe, Gideon, tayari anatangaza kila mahali kwamba sauti yake ni ya Meja Haskins, kwa kuwa Meja ameahidi kuvuka mto tena na kuchoma kila kijiji.

Jumatano, Februari 23

Sukari guru yangu inapungua. Niliipanga rafuni kama matofali, na leo kuna pengo.

Alhamisi, Februari 24

"Obed, unaramba sukari yangu?"

"Shemeji, meno yangu yamebaki manne, na yote yanauma. Ningekuwa mwizi ningeiba wiski."

Hilo ni kweli. Sasa nani?

Jumatano, Machi 2

Theluji. Asahel hayupo. Pengo limekua.

Jumamosi, Machi 5

Nimempata mwizi! Asahel, farasi ametandikwa, na mabonge ya sukari yamefungwa ndani ya shati lake zuri. Nikajibanza nyuma ya ghala la mahindi nikamtazama. Hakuelekea mahakamani, wala kwenye kinu cha kusagia unga, walipo wapiga kura. Alishika njia ya kilimani, ambako hakukaliki.

Aliporudi nikamuuliza. Akavua buti polepole, kama baba yake alivyokuwa akifanya akitafuta maneno. "Kuna mtu huko anapenda kitu kitamu, mama."

"Mtu gani?"

"Mtu mzuri."

Nikakimbilia jikoni. Miguu ilikuwa inataka kucheza ngoma. Asahel ana mchumba!

Jumapili, Machi 6

Nimewaambia wachache tu.

Jumamosi, Machi 12

Wachache niliowaambia wamekuja wote, na sindano zao, kushona mfarishi wa bibi harusi. Nilikuwa na viraka tangu Asahel akiwa mtoto. Kuna koti la harusi la Enoch humo, na gauni langu la kijani. Tumeketi kuuzunguka mchana kutwa. Vicheko!

"Ni binti wa nani, Tabitha?"

"Hataki kusema. Ana aibu, mwanangu."

"Aibu? Huyo aliyewapigia kelele dubu wawili?"

"Labda ni kibogoyo," akasema bibi mmoja, "ndiyo maana anapelekewa sukari."

Mercy alishona pembe yake bila kuinua kichwa. Ana namna yake ya kushona, mbili ndogo na moja ndefu, kama nyayo za ndege kwenye theluji. Jioni wenzake walipokuwa wakikusanya vitu, akasema, akiuambia uzi wake, "Lettice angekuwa anajua kushona sasa."

Kila mtu akatafuta mkasi wake. Mimi, ambaye sikosi neno, nikakunja mfarishi.

Alhamisi, Machi 17

Asahel ameusikia uchumba wake kutoka kwa sherifu, aliyempa mkono wa pongezi. Amerudi nyumbani akicheka hadi akaketi juu ya kuni.

"Mama, umenioza kwa nani?"

"Wewe ndiye ujuaye. Sukari inakwenda kwa nani?"

Kicheko kikamwishia. Akainuka kwenye kuni. "Kesho utapanda yule farasi mwekundu. Twende ukamwone bibi harusi wako."

Ijumaa, Machi 18

Nimemwona. Ngoja niandike pole pole, maana hata mimi sijajua nimeona nini.

Kilimani kuna ngome kuukuu tuliyokaa miaka ya kwanza, wakati kila shina la mti lilikuwa na bunduki nyuma yake. Nilidhani imeanguka. Moshi ulikuwa unatoka. Ndani, kando ya moto, ameketi mwanamke wa Kishawnee, mtu mzima kama mimi, nywele zina mvi kama zangu, anatwanga mahindi.

Nikarudi nyuma nikamkanyaga Asahel mguu.

"Tulia, mama. Ni mateka wangu wa masika yale. Watu wa Meja walitaka kumaliza kila kilichokuwa hai katika kijiji chake. Nikasema huyu ni wangu. Kamanda wetu akanipa ruhusa nimtunze, tumbadilishe na watu wetu waliotekwa."

"Kwa nini umemficha?"

"Mama, nani hapa bondeni hajazika mtu?"

Asahel anajua lugha yao kiasi, tangu ujana wake akibeba chumvi na wachuuzi wa mtoni. Akatutambulisha. Jina la mama yule limenishinda ulimi, na langu limemshinda yeye, kwa hiyo tumetoka sare. Akanipa kigoda. Nikakaa. Nikamtazama, akanitazama. Viatu vyake vya ngozi vimetiwa nakshi ya miiba ya nungunungu, na mimi macho hayakutaka kutoka hapo. Kumbe naye alikuwa anaitazama kofia yangu.

Nikasema, kwa kuwa ndilo jambo nilijualo zaidi, "Mwambie kwamba huyu kapteni ni mwanangu, na hakuna aliye kama yeye kutoka hapa hadi baharini."

"Mama..."

"Tafsiri."

Akatafsiri, masikio mekundu. Yule mama akaweka mchi chini. Akasema maneno marefu, mkono ukipanda juu kuonyesha urefu wa mtu.

"Anasema na yeye ana mwana," Asahel akasema. "Ndiye msemaji wao barazani. Akizungumza hata wazee wanaacha kuvuta kiko. Anasema ni mrefu kunishinda."

"Mwambie urefu si hoja! Wewe ulitembea ukiwa na miezi tisa."

"Siwezi kutafsiri hilo."

"Utatafsiri."

Wake alitembea akiwa na miezi minane, eti. Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Mwongo! Nikacheka, akacheka, na Asahel akatoka nje kwenda kumwangalia farasi asiye na shida yoyote.

Njiani kurudi akanieleza yote. Mchuuzi mmoja mzee wa chumvi amekwenda na kurudi mara mbili. Yule mwana msemaji amekubali kumleta kwenye kivuko cha Mto Ohio kila mtu wetu aliye kwao, nasi tumrudishe mama yake. Asahel amempa neno lake kwamba atampeleka mwenyewe, kwa mkono wake. Mwingine akimpeleka, hawatatoka msituni.

"Na Lettice?"

"Kuna msichana wa umri wake. Sijui kama ni yeye. Ndiyo maana sijawaambia Gideon na Mercy. Tumaini likivunjika mara ya pili halina dawa."

"Lini?"

"Hawahesabu tarehe kama sisi. Ni wakati majani ya mwaloni yatakapolingana na sikio la kindi."

Hapo nikaelewa vizuri, maana na sisi ndipo tunapopanda mahindi. Kumbe tunasoma jani moja. Kwa kawaida huwa ni mwisho wa Aprili, na kura ni tarehe kumi na tisa. Nafasi ipo.

Alhamisi, Machi 24

Maji ya miti yamegeuka machungu. Machipukizi yametoka mapema. Tumeng'oa vihori. Obed anasema hajawahi kuona msimu wa sukari ukifa kijana hivi.

Jumatatu, Machi 28

Joto. Nyuki wametoka. Obed ametoka kinuni akinukia wiski, haniangalii usoni.

Jumatano, Machi 30

Leo nilipeleka mfarishi ngomeni. Wenzangu wataniuliza, lakini bibi harusi hayupo na yule mama alikuwa akikohoa. Aliupapasa kiraka kwa kiraka. Pembe ya Mercy akaigeuza upande wa pili atazame mafundo. Mshonaji anamjua mshonaji.

Asahel alikuwa anapasua kuni nje. Nikasikia farasi.

Meja Haskins, na wanaume kama kumi nyuma yake, bunduki mapajani, Gideon Larkin wa kwanza. Obed, ambaye mimi mwenyewe nilimfungulia siri, alikuwa ameisema kinuni. Alidhani ni mzaha mzuri.

"Kapteni," Meja akasema, "nasikia unawalisha adui sukari. Tunamtaka huyo mwanamke."

"Ni mateka aliyekabidhiwa kwangu, Meja."

"Na wapiga kura wamekabidhiwa kwa nani?"

Mimi nikatoka nikaketi kizingitini. Sikuwa na silaha. Niliketi tu, na kwa mwili wangu huu mlango ukajaa.

"Mama Tabitha, ondoka hapo," Gideon akasema.

"Gideon Larkin, mwaka ule wa homa nani alikukanda kifua kwa mafuta ya dubu siku nne? Nipige risasi, kisha mwakani homa ikija kamwite Meja akukande."

Mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Gideon akashuka kwenye farasi. Akaja hadi pua yake karibu iguse ya Asahel. "Walimchukua mwanangu. Wewe unawapelekea sukari."

Asahel akaweka shoka chini. Hakutaka kusema, siyo hivyo, siyo mbele ya watu. "Gideon, huyu mama ndiye bei ya Lettice. Huenda. Sijui. Kuna msichana huko. Ukimgusa huyu, hatutajua kamwe."

Sijawahi kumwona mwanamume akizeeka na kuwa kijana kwa pumzi moja. Bunduki ya Gideon iliteremka yenyewe. Akaketi chini palepale kwenye vibanzi vya kuni.

Meja hakuamini. "Hadithi nzuri kwa mwezi wa kura. Na mabadilishano haya ni lini?"

Asahel akamwambia habari ya jani.

Meja akatazama juu. Tukatazama wote. Juu ya ngome kuna mwaloni mkubwa, na ncha za matawi zilikuwa tayari nyekundu kwa machipukizi.

"Msimu unakimbia, Kapteni," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Ukiangukia siku ya kura, utaketi wapi?"

Asahel akalichukua shoka akaendelea kupasua kuni. Meja akageuza farasi, na watu wake wakamfuata.

Ijumaa, Aprili 1

Joto. Mercy amekuja. Aliketi. Nilimpa chai ya mizizi, akaishika hadi ikapoa. Alipoondoka alinishika bega. Nilikuwa nikimwita jiwe la kisimani. Sasa naona: hakuweza kusikia habari za mwana wa mtu mwingine, kama mwenye njaa asivyoweza kusikia habari za karamu. Si wivu.

Jumatano, Aprili 6

Jani ni kama ukucha wa mtoto mchanga. Nimeomba jalidi, barafu ya usiku, ilicheleweshe. Hata kanisani sikuomba kwa bidii hivi.

Jumapili, Aprili 10

Mchungaji ameshukuru kwa hali nzuri ya hewa. Sikusema amina.

Jumanne, Aprili 12

Sikio la panya. Obed, kwa kujuta, ameua kindi akapigilia sikio lake mlangoni ili tupime vizuri. Nimemwambia akitoe, akasema, "Shemeji, hili ndilo shauri langu la kwanza la maana mwaka huu." Nimeliacha.

Mvua imeanza. Lakini ni mvua ya joto, inakuza tu.

Ijumaa, Aprili 15

Karibu.

Jumamosi, Aprili 16

Asubuhi Asahel alichuma jani, akalibandika mlangoni juu ya sikio. Yamelingana. Kivuko kiko mwendo wa siku mbili kwa njia hii ya matope.

Nilisema yote ambayo mama anaweza kusema. Nilisema subiri hadi Jumatano. Nilisema tuma mtu. Nilisema Richmond, nilisema baba yako, nilisema ng'ombe mzima atachomwa na Meja na watumwa wake kuwalisha wapiga kura, nasi tuna nini zaidi ya mkate wa tangawizi na uso wako pale kitini?

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mama, kama neno langu kwa yule mwana haliwezi kuvuka mto, nitakwenda kuwauzia nini watu wa Richmond?"

Nikaanza kumfungia nyama kavu. Hasira zangu zote zikaingia kwenye fundo. Atalikata kwa kisu.

Jumapili, Aprili 17

Wameondoka kabla ya ibada. Asahel, Gideon, yule mama juu ya farasi wangu mwekundu, mfarishi mabegani. Yule mama alipita hapa nyumbani. Hakushuka. Alinyoosha mkono akagusa kofia yangu, nikaivua nikampa. Akaivaa juu ya mvi zake, akacheka.

Wanaume wanne waliokuwa Ohio na Asahel wamekwenda nao bila kuombwa. Nimepiga hesabu: hizo ni sauti tano za mahakamani zimekwenda mtoni, na ya Asahel mwenyewe ni ya sita.

Jumatatu, Aprili 18

Nimeoka mkate wa tangawizi kutwa, kwa sukari yote iliyobaki. Nilipokuwa nakanda wazo lilinijia, nikalifukuza. Likarudi.

Jumanne, Aprili 19

Nimeketi kitini.

Naam. Mimi. Tulifika mahakamani mapema, Mercy na mimi, kila mmoja na kikapu, mvua inatumwagikia. Moshi wa ng'ombe wa Meja ulikuwa umejaa uwanja. Ukumbini, meza, sherifu, karani mwenye kalamu, Meja Haskins kitini kwake, viatu vinang'aa. Na kiti kingine kitupu, na watu wakikitazama kama mtu anayetazama jino lililong'oka.

Nikaenda nikaketi.

Meja akainuka. "Sherifu, huyu ni mwanamke!"

"Naona, Meja," sherifu akasema. Akakuna shavu. "Sheria inataka anayepiga kura awe mwanamume mwenye shamba. Habari ya kiti kikaliwe na nani, sikumbuki kuisoma."

"Nimeketi tu," nikasema. "Magoti yangu yanauma. Na wanaomtaja Asahel wanahitaji kushukuriwa, maana mimi nilimlea vizuri."

Ukumbi ukacheka. Karani akachovya kalamu.

Wa kwanza, fundi wa mapipa: "Burwell Haskins." Meja akashukuru. Wa pili, Haskins. Wa tatu, Haskins. Makofi yalikuwa yanatoka uwanjani na harufu ya nyama. Nikashika kingo za kiti. Wa nne alikuwa mzee mwenye shamba karibu na kinu, aliyekuwa ngomeni na bunduki siku ile. Alinitazama, akatazama kichwa changu kisicho na kofia. Akasema kwa sauti ambayo hata ng'ombe aliisikia, "Asahel Pruett!"

Nikainuka. "Ahsante, Josiah. Na mbwa wako Bango hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Kula mkate."

Basi ikawa hivyo kutwa. Haskins, Pruett, Haskins, Haskins, Pruett. Niliwajua wote. Waliomtaja Meja nao niliwapa mkate, nikawauliza hali ya watoto, wakaona haya. Mmoja alilitaja jina la Haskins huku akitazama dari. Mercy alisimama nyuma yangu, mkono juu ya mgongo wa kiti, haongei. Nadhani wengine walipomwona yeye ndipo sauti zao zilipogeuka katikati ya njia. Nilifikiri jambo la ajabu: chumba kizima cha wanaume wakipaza sauti, na wale wanaochoma nyama nje kwenye mvua hawana sauti, wala mimi, wala Mercy. Hata hivyo tulikuwa tunasikika.

Adhuhuri mvua ilivuja juu ya kichwa changu. Meja akavua joho lake akanifunika. Nimemchukia pungufu kidogo tangu hapo.

Alasiri kijito kikafurika, kikachukua daraja. Watu wa ng'ambo wote walikwama upande wa pili, wakipunga kofia. Sherifu akasimama mlangoni akatazama maji. Akasema sheria inamruhusu: mvua ikizuia watu, kura zisogezwe. Akaahirisha hadi Jumamosi. Meja anaongoza kwa sauti tisa.

Tisa! Kwa kiti chenye mwanamke mzee! Obed anasema ningekuwa na shamba kwa jina langu, ningekwenda Richmond mimi.

Jumatano, Aprili 20

Mvua. Hakuna habari. Mercy amelala kwangu. Kila jiwe likianguka nje, anainuka.

Alhamisi, Aprili 21

Wamerudi!

Adhuhuri. Obed ndiye aliyewaona kwanza, akaja akikimbia, mtu ambaye sijamwona akikimbia hata kutoka kwa dubu. Mercy alifika barabarani kabla yangu.

Asahel mbele, anatembea, anaongoza farasi wangu mwekundu. Wanaume watano wageni kwa macho yangu na mama mmoja mwenye mtoto, watu wetu waliokuwa huko. Nyuma kabisa Gideon juu ya farasi wake, na nyuma yake, akimshika mshipi kwa vidole viwili tu kama mtu asiyetaka kushika, msichana. Nywele zimesukwa, uso umeinama. Amejifunika mfarishi wangu.

Mercy akasimama. Akasema, "Lettice," kwa sauti ndogo sana. Msichana hakuinua kichwa. Gideon akatikisa chake: hasikii jina hilo, au hataki. Baadaye Asahel aliniambia kwamba kivukoni alilia kuachana na mama yake wa kule, na kwamba aliyemfunika mfarishi na kumwambia kitu sikioni ni yule mwenzangu wa ngomeni.

Mercy hakumshika. Hapo ndipo nilipomheshimu kwa maisha yangu yote. Mimi ningemrukia. Yeye alinyoosha mkono akashika pembe ya mfarishi tu, pembe yake, akapitisha kidole kwenye uzi. Mbili ndogo, moja ndefu. Msichana akakitazama kile kidole kikitembea. Akatazama muda mrefu. Kisha mkono wake mwenyewe ukatoka, ukashika uzi palepale, ukafuata: mbili ndogo, moja ndefu. Sijui anakumbuka au anashangaa tu. Hakuna aliyeuliza.

Wameingia nyumbani kwao. Msichana ameketi nje mlangoni, ndani hataki bado. Mercy ameketi naye nje, sindano mkononi.

Asahel nimemlisha hadi akakataa. Akaniuliza, "Mama, nasikia uliketi kwenye kiti changu."

"Niliketi. Ni kigumu. Mwambie sherifu aweke mto."

"Tisa si kidogo."

"Watu wa ng'ambo hawajapita. Na wewe na wenzako wa mtoni hamjapita. Na Gideon hajapita."

"Gideon nimemwambia asinilipe. Sauti yake ni yake. Hajanijibu."

Akatafuta kitu mfukoni. Akatoa kiatu cha ngozi, kimoja tu, chenye nakshi ya nungunungu.

"Yule mama amekuletea. Anasema cha pili utakifuata mwenyewe. Na ametuma neno." Masikio yake yakaanza kuwa mekundu. "Anasema mwanawe alizungumza vizuri kuliko wako pale kivukoni."

"Na ni kweli?"

"Kweli, mama. Hata mimi nilitaka kumpigia kura."

Mwanamke yule! Sasa hivi Obed anatandika farasi, azunguke bonde zima kuwaita watu. Daraja limeungwa upya kwa magogo, watu wa ng'ambo wamepiga mluzi kwamba watavuka, Meja ameagiza ng'ombe mwingine, nami nimeazima sukari kwa kila mtu niliyewahi kumringia. Atakayekaa kitini safari hii ni mwenye kiti. Mimi nitasimama nyuma, kiatu kimoja mguuni, nisikie Gideon Larkin atasema nini. Waje wote, wa huku na wa ng'ambo, mahakamani, Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Aprili.